Swali Aliloulizwa Binti Yangu

Swali aliulizwa binti yangu, jibu nikalitoa mimi. Muuguzi alikuwa amesimama upande wa miguuni pa kitanda, ameshika ubao wenye karatasi, akauliza kama katika ujauzito huu mama alitumia dawa yoyote ya maumivu zaidi ya zile alizopewa kliniki. Binti yangu alikuwa hajatimiza hata saa tatu tangu ajifungue. Kwetu mzazi hahojiwi. Mzazi analala, anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji, na mgeni akija na maswali yake anajibiwa na mama mtu aliyeketi pembeni. Ndivyo mama yangu alivyonijibia kule Kagera nilipojifungua, na mimi nikafanya vivyo hivyo Mwanza bila kuona kosa. Nikasema, "Panadol tu, sista. Na hizo zenyewe mara mojamoja."

Muuguzi alinitazama, akamtazama binti yangu, kisha akaandika. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, naweza kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini, na niliona ameandika "bibi anasema". Hakuandika "mama anasema". Hilo lilinikera mchana kutwa.

Niseme mapema kwamba serikali naiheshimu lakini siiamini, na hayo ni mambo mawili tofauti. Imeniajiri, imenistaafisha, mshahara wake nimeula. Lakini mtaa niliopanga zamani, kabla sijahamia Buswelu, walikuja vijana watatu wenye tepu, wapole, wakaamkia wazee, wakanywa maji yetu, wakasema wanapima tu. Tukawaonyesha hata mipaka ambayo wenyewe wasingeiona. Haikupita miezi mingi, nyumba tuliyopanga ikachorwa X nyekundu ya kubomolewa ukutani, na aliyewaonyesha mpaka ni mimi. Tangu hapo mtu mpole mwenye karatasi akinikaribia, nafunga mlango kwanza, halafu ndiyo namwitikia marahaba.

Pale wodini palikuwa na bango jipya. Tuliambiwa ni mwongozo kutoka wizarani: kila anayejifungua aulizwe maswali matano kuhusu dawa za maumivu na za usingizi, kwa sababu wapo watoto wanaozaliwa miili yao imeshazoea vidonge vilivyokuwa vikimezwa na mama zao, na wakikatwa kitovu wanavikosa ghafla. Bango lilikuwa na picha ya mwanamke anayetabasamu na mtoto mnene. Chini yake iliandikwa: "Hutashtakiwa. Hutanyang'anywa mtoto." Wenzangu walisoma wakatulia. Mimi nilijiuliza, kama hakuna aliyewahi kufikiria kuninyang'anya mtoto, hilo neno limefuata nini ukutani? Mtu akibisha hodi na kuanza na "mimi si mwizi", utamkaribisha sebuleni?

Sasa ukweli, ambao niliujua. Binti yangu alikuwa na kibanda cha chai na samaki wa kukaanga Kigongo, enzi za foleni ya kivuko, magari yanasimama mpaka watu wanachoka na kushuka kula. Siku moja akitoka huko alianguka na pikipiki, akavunjika paja. Alipasuliwa, akawekewa chuma, akaruhusiwa akiwa na karatasi ya daktari ya kununulia tramadol, vidonge vikali vya maumivu. Mfupa uliunga. Maumivu yakaisha, mwenyewe alikiri. Vidonge havikuisha. Akivikosa asubuhi, ikifika saa nane mchana anapiga miayo, makamasi yanamtoka, jasho linamtiririka, na mwili unamuuma kuliko siku ile aliyoanguka. Akivimeza anarudi kuwa mtu. Daraja lililojengwa badala ya kivuko lilipofunguliwa magari yakaanza kupita bila kusimama, kibanda kikafa, mumewe akaenda Geita kutafuta kazi migodini, na yeye akahamia kwangu na chuma chake cha pajani na mimba changa.

Ile karatasi ya daktari alikuwa ameipeleka steshenari wakaitia plastiki ngumu, kama watu wanavyofanya vyeti vya kuzaliwa, isichakae kwa kukunjwakunjwa. Nilipoiona mara ya kwanza nikamsifu. Nilimwambia kama kila mtu angetunza nyaraka zake namna hiyo nchi hii ingekuwa mbali. Kumbe alikuwa anaionyesha kwenye dirisha la duka la dawa, anarudishiwa pamoja na vidonge, kesho kutwa anakwenda duka lingine. Ilikuwa karatasi ya siku kumi. Tarehe yake ilionekana vizuri kabisa chini ya plastiki, imepita miaka miwili. Mimi ninayesoma hata maandishi madogo ya nyuma ya vocha, tarehe ile sikuisoma mpaka mimba ilipofika miezi mitano. Nilipoisoma nikanyamaza. Niliona ni jambo la nyumbani na litaishia nyumbani. Na niliona aibu, sifichi. Mtoto wa mwalimu, mtoto aliyeimba kwaya kanisani, nitamwambia nani kwamba amenaswa na vidonge?

Siku ya pili mjukuu akaanza. Alikuwa wa kike, amechukua kichwa cha baba yake, na siku ya kwanza alinyonya vizuri tu. Siku ya pili mikono ikawa inatetemeka hata akiwa usingizini. Alilia kwa sauti nyembamba, kali, isiyokatika, sijawahi kusikia mtoto akilia vile na nimelea wanne. Alipiga chafya mfululizo. Alitafuta ziwa kwa pupa na akilipata hawezi kulishika. Mama wa kitanda cha jirani, Msukuma mmoja mchangamfu, akasema hiyo ni degedege, akatueleza habari za bibi mmoja kijijini kwao anayeiweza, tuombe ruhusa mapema tumpeleke. Nililifikiria sana. Si kwamba niliamini, ila bibi wa majani haandiki.

Muuguzi akarudi na ubao wake. Safari hii aliinama kabisa, macho yake usawa wa macho ya binti yangu, kama vile mimi sikuwepo. "Dada, kuna dawa yoyote uliyokuwa unatumia? Ukiniambia nitamsaidia haraka." Niliona midomo ya binti yangu inajitayarisha, nikawahi. Nikasema swali hilo lilishajibiwa jana, na kama karatasi ya jana wameipoteza, hilo ni lao.

Basi wakafanya wanachoweza kufanya watu walionyimwa ukweli. Walidhani mtoto ana maambukizi kwenye damu. Wakamchoma kisigino, wakatafuta mshipa mkononi wakaukosa, wakahamia kichwani. Kila kichupa cha damu kilichoondoka nilikisindikiza kwa macho mpaka mlangoni, nikisema moyoni, haya, wanakwenda kumpima kwa siri, watagundua, watarudi na mtu mwenye pingu au mtu wa ustawi wa jamii. Sikuwaza hata kidogo kwamba mtoto anachomwa sindano kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikuwa nawaza mlango tu, nani ataingia.

Asubuhi ya siku ya tatu mizani ilionyesha amepungua sana. Muuguzi aliniita nje, kwenye mabomba wanapofulia watu. Alikuwa binti mdogo, umri wa wale niliowafundisha kusoma, l na r zake zikibadilishana viti katika kila sentensi, na mkono wangu wa ualimu ukatamani kumsahihisha. Aliniamkia kwa adabu. Akasema hakuniita ili anihukumu. Alisema anavyoona yeye, mtoto huyu haumwi ugonjwa wowote, anatafuta kitu ambacho mwili wake umezoea, na kila siku wanayopoteza kutafuta maambukizi ndiyo siku anayoteseka.

Nikamuuliza maswali yangu na mimi. Hiyo karatasi inakwenda wapi? Kwenye faili. Ikitoka kwenye faili? Hesabu ya watoto inakwenda mkoani, halafu wizarani. Na jina? Jina linabaki hapa. Hapa kwenye kabati gani, na ufunguo anashika nani? Alifikiri kidogo, akasema kusema kweli kabati halina ufunguo, kitasa kilivunjika siku nyingi. Jibu hilo lilinitisha, na hapohapo likanifanya nimwamini kidogo, maana mwongo angesema ufunguo anao mganga mkuu. Mwishowe nikatoa lile lililonikaa kooni, kama watamchukua mtoto.

"Tumpeleke wapi, mama?" akasema. "Hawa tulionao tu wanalala wawiliwawili."

Sikushawishika. Nilirudi ndani nikiwa vilevile, nimejifunga. Ila nilimkuta binti yangu amemlaza mtoto kifuani, anamkamulia maziwa kwenye kijiko, na yote yanatelemkia shingoni. Utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea. Nimelea wanne, najua utosi uliobonyea maana yake nini. Nikachukua mkoba wa binti yangu, nikapekua, nikatoa ile karatasi yenye plastiki, nikamfuata muuguzi nikamkabidhi. Binti yangu alikuwa ananiangalia nikiupekua mkoba wake. Hakusema kitu, na mimi nikauhesabu ukimya wake kuwa ruhusa.

Muuguzi aliigeuza karatasi mbele na nyuma, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma tarehe. Hakuguna. Alirudi nayo kitandani, akauliza siku hizi za mwisho vilikuwa vinamezwa vingapi kwa siku. Nikasema vinne.

"Kumi," akasema binti yangu.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa watu wale. Mimi nililala naye nyumba moja miezi yote ile na nilikuwa najua vinne.

Walituhamishia chumba kidogo mwisho wa korido. Madirisha yamezibwa na shuka za kijani, hakuna simu, hakuna kuongea kwa sauti, anayeingia anavua viatu. Mtoto alikaa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, wamefungwa pamoja kwa kitenge. Kila baada ya saa chache walikuja kuandika: ametetemeka kiasi gani, amepiga chafya ngapi, amelia vipi, amenyonya au amegoma. Walimpa matone ya dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, wakiyapima kwa uangalifu mpaka nikawa nabana pumzi. Daktari akaja akamweleza binti yangu kwamba na yeye haruhusiwi kuacha vidonge kwa ghafla. Atapunguziwa kidogokidogo, dawa atapewa hapohapo hospitali kila wiki, na nyumbani itashikwa na mtu mwingine.

Hapo wasiwasi wangu ukawa mara mbili. Nilitegemea wamnyang'anye vidonge, sasa wanamgawia? Serikali gani hii inayokuambia kitu ni kibaya huku inakufungia kwenye bahasha? Nilimuuliza daktari mara mbili, akanijibu mara mbili bila kukasirika, na kutokasirika kwake nako nikakutilia shaka. Ilipoletwa fomu ya mtu wa nyumbani atakayeshika dawa, niliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kisha juu ya sahihi yangu nikaandika: "Nimesoma. Sijakubali yote." Muuguzi alisema hajawahi kuona mtu akiandika hivyo. Akaipiga muhuri hivyohivyo.

Siku chache baadaye mtoto alilala saa tatu mfululizo, mikono imetulia, mdomo wazi, maziwa yamemkaukia shavuni. Nilitoka nikaenda kulia kule kwenye mabomba. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na hasira kwamba furaha hiyo nimepewa na watu wale.

Tulirudi Buswelu baada ya wiki mbili, na hapo ndipo nilipoonyesha uwezo wangu. Dawa niliiweka kwenye kopo la biskuti, kopo nikalifungia kwenye kabati la vyeti vyangu, ufunguo nikautia uzi nikauvaa shingoni. Asubuhi na jioni nilimwita binti yangu mezani. Fungua mdomo. Meza. Inua ulimi. Haya, nenda. Kila Jumanne alikuja mhudumu wa afya wa mtaa, mama mmoja mwenye fulana ya bluu na mizani ya kuning'iniza. Nilimwekea kiti barazani, nikamletea mtoto palepale nje, nikampa chai, na maswali yake yote nikayajibu mimi. Mama mtoto anaendeleaje? Vizuri. Analala? Analala. Ndani hakuingia hata siku moja. Nilikuwa naona macho yake yanavyotembea mlangoni, na niliamini anahesabu vyumba.

Yeye akiondoka, zamu ya binti yangu ilianza. Nilinyanyua godoro akiwa anaoga. Nilikung'uta vitenge vyake. Nilinusa. Akikaa chooni muda mrefu nilipita karibu na mlango nikikohoa. Akiongea na mumewe kwenye simu, nilisimamisha kuosha vyombo ili nisikie. Sikumgombeza, sikumtukana, na nilijiona mama mwema kuliko wengi. Huko wizarani, nilijiambia, hawana mtu mmoja anayefanya kazi hii kama mimi.

Mtoto alipotimiza wiki sita tulikwenda kliniki. Alikuwa ameongezeka, mashavu yamejaa, na aliyempima alimwita bonge, nikafurahi kana kwamba nimesifiwa mimi. Kisha tukaingia chumba cha ushauri, tukamkuta yule muuguzi wetu wa wodini. Aliniamkia, akanionyesha benchi lililokuwa ukutani, nyuma kabisa. "Leo, mwalimu, wewe ni mgeni wangu," akasema. Alivuta kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia magoti ya binti yangu, akaweka kalamu chini.

Alimuuliza kama tangu waonane ipo siku ametumia zaidi ya anazopewa.

Nilitabasamu kule kwenye benchi. Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu. Muuguzi alikaa kimya, na binti yangu alikaa kimya, na ukimya ule ulikuwa mrefu mpaka nikasikia nje wanaita namba za watu watatu. Mimi nisingeuvumilia. Ningesema hapana, hajatumia, tuendelee.

"Ndiyo," binti yangu akasema. "Ijumaa. Vitatu."

Nilisimama. Muuguzi hakugeuka, alinyoosha tu kiganja upande wangu, kama askari wa barabarani, nikakaa. Nilitegemea amuulize amevipata wapi, ndilo swali ningeanza nalo. Hakuuliza hilo. Alimuuliza siku hiyo ilikuwaje. Binti yangu akasema paja lilimuuma tangu asubuhi, halafu mchana mtoto akalia, na kile kilio akakisikia kama kile cha hospitali, chembamba vile. Akadhani kinaanza upya. Akaogopa kwamba maziwa yake ndiyo yaliyomrudisha mtoto kule, mikono ikaanza kumtetemeka yeye, akashindwa hata kumshika. Alisema alimlaza mtoto kitandani akatoka, na aliporudi alikuwa ameshavimeza. Alisema haya yote akimwangalia muuguzi usoni. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Ijumaa ile mchana nilikuwa nyumbani. Nilikuwa barazani nachambua maharage. Nilimwona akitoka, nikamwona akirudi, nikasubiri aende kuoga ili nikapekue.

Muuguzi alimshukuru kwa kumwambia. Akasema hawaanzi upya kwa sababu ya vidonge vitatu, ila hawatapunguza tena kwa wiki mbili, watabaki pale walipo, na akilia mtoto namna ile tena apige simu au aje, saa yoyote, hata kama ni kuja kukaa tu. Ndipo akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja. Mimi niliuangalia mlango kwa mazoea. Hakuingia mtu.

Tulitoka tukasimama chini ya kibaraza kusubiri bajaji. Nilikuwa nimejizuia ndani, nje sikuweza. Nilimuuliza kwa sauti ya chini, lakini yenye ukali wote nilionao, inakuwaje jambo kama hilo anamwambia mtu baki, mtu wa serikali, anayeweka faili kwenye kabati lisilo na ufunguo, na mimi mama yake mzazi ninayelala chumba cha pili naambiwa pamoja na kuta. Alimhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda lingine. Hakukasirika.

"Yule aliniuliza, mama," akasema. "Wewe hujawahi kuniuliza."

Nilifungua mdomo nimwambie si kweli. Nikaanza kutafuta siku moja tu, ya wakati wa mimba, ya wodini, ya nyumbani, ambayo nilimuuliza kitu nikasubiri jibu. Tulifika Buswelu bado naitafuta.